Mgonjwa wa presha aambiwe na kliniki kabla hajaambiwa na jirani

Ndugu Mhariri,

Hivi karibuni mlichapisha barua ya msomaji mwenye presha ya kupanda aliyeeleza kwamba vidonge alivyoandikiwa kliniki vilimletea kikohozi kisichokoma usiku wala mchana, akaviacha, kikohozi kikaisha, na tangu hapo anawashauri wagonjwa wenzake waachane na alichokiita sumu za hospitali wategemee kitunguu saumu na majani ya mlonge. Naomba nafasi katika ukurasa huu nimjibu. Mimi ni mstaafu, nina presha kwa miaka mingi, mke wangu ana sukari, na dawa zetu hukaa mezani pamoja na chumvi na chupa ya chai, kwa hiyo shida hii siiandiki kwa kusimuliwa.

Kwanza niseme kwamba msomaji yule hakudanganya. Dawa za kundi la kaptoprili, enalaprili na lisinoprili, ambazo wagonjwa wengi wa presha huandikiwa, huwaletea baadhi ya watumiaji kikohozi kikavu cha kuwasha kooni, kisicho na makohozi wala homa. Kinaweza kuanza siku chache baada ya kidonge cha kwanza, kinaweza pia kukawia miezi, na mtu akiiacha dawa kwa kawaida hutoweka ndani ya wiki chache. Jambo hili limeandikwa katika vitabu vya madaktari na katika karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa, na utatuzi wake si mgumu: daktari humwondolea mgonjwa dawa hiyo akampa losatani au nyingine ya jamii yake, ambayo hufanya kazi inayokaribiana na ile na ni nadra kuleta kikohozi. Msomaji yule alikosa mtu wa kumwambia sentensi mbili siku alipoandikiwa dawa, kwamba ukianza kukohoa hivi na hivi usiache kimya kimya, rudi tukubadilishie. Hiyo ndiyo hoja yangu, nami nawaomba wasomaji wanivumilie niieleze kwa urefu, kwa sababu naamini wagonjwa wengi wa presha na sukari tunawapotezea hapo hapo.

Hofu ya dawa hizi ina mantiki yake, na wanaoicheka hawajaielewa. Mwenye malaria huumwa, humeza dawa, akapata nafuu, na mwili wenyewe ukamshuhudia kuwa dawa imemsaidia. Presha haiko hivyo. Mtu anaweza kutembea na 180 juu ya 110, akalima shamba lake na kucheza ngoma harusini bila kusikia chochote. Anakwenda hospitali kwa ajili ya jino, anafungwa kipimo mkononi, anaambiwa ana ugonjwa asiousikia na kwamba atameza dawa maisha yake yote, na wiki inayofuata, kwa mara ya kwanza, anaanza kusikia kizunguzungu kila anapoinuka kitandani. Atashindwaje kuamini kuwa aliingia mzima akatoka mgonjwa? Watafiti waliopima watu wazima wa Ilala, Dar es Salaam, na wa huku kwetu Hai, Kilimanjaro, katika miaka ya 1990, wakachapisha matokeo yao mwaka 2000, walikuta karibu watatu kati ya kila kumi wana presha ya juu. Kati ya hao, waliojua kuwa wanayo hawakufika mmoja kati ya watano, na ambao presha yao ilikuwa imeshushwa hadi chini ya 140 juu ya 90 hawakufika hata mmoja kati ya mia. Hesabu hizo ni za siku nyingi, na vipimo vimesambaa tangu wakati ule, lakini yeyote anayekaa kwenye benchi la kliniki ya presha atawaona hadi leo wale wanaokuja mara mbili, wakapotea, wakarudi wakiwa wamebebwa upande mmoja umepooza.

Msomaji yule aliandika pia kwamba wazee wetu waliishi bila vidonge hivi. Waliishi, na wengine walianguka shambani ikasemwa wamerogwa. Franklin Roosevelt, rais wa Marekani, alikufa tarehe 12 Aprili 1945 kwa kuvuja damu kwenye ubongo, na siku hiyo presha yake ilipimwa ikawa imepita 300 juu ya 190. Madaktari wake walikuwa na vitu vichache vya kumpa: kupunguza chumvi, kupumzika, dawa ya kusaidia moyo na ya kumtuliza. Mtu mwenye mamlaka kuliko karibu watu wote duniani hakuwa na kidonge ambacho leo mkulima wa Machame hukipata katika kituo cha afya cha kata, akakifunga kwenye kona ya leso, akaogopa kukimeza.

Mfano mwingine niliouona kwa macho ni wa miguu. Mama mmoja wa jumuiya yetu alianza kuvimba vifundo miezi michache baada ya kupewa amlodipini, dawa nyingine ya presha. Ikifika jioni mikanda ya kandambili ilikuwa imejichora kwenye ngozi yake, na ukibonyeza kidole juu ya kifundo kishimo kilibaki pale kwa muda. Wanawe wakaamua kuwa ni figo, jirani akaleta vidonge vya kukojoza vilivyobaki kwa marehemu mumewe, mama akamaliza usiku kucha akienda msalani na asubuhi miguu ilikuwa vile vile. Uvimbe wa amlodipini hausababishwi na mwili kujaa maji; mishipa midogo hutanuka, maji yakavuja kidogo kidogo kwenye nyama za miguu, na dawa ya kukojoza haisaidii sana hapo. Alipopelekwa kliniki alipunguziwa dozi, akaongezewa dawa ya kundi jingine, na vifundo vikarudi kama vilivyokuwa. Sisemi kila uvimbe ni wa dawa, maana moyo uliochoka na figo zilizougua navyo huvimbisha miguu, na ndiyo sababu kazi ya kutofautisha tumwachie anayejua kupima.

Wanaume tuna jambo letu tusilolisema kwenye benchi. Ukimsikia mzee anasema dawa za presha zinamlegeza, mara nyingi hana maana ya magoti. Ameambiwa kijiweni kwamba vidonge vile vinamaliza nguvu za kiume, naye ataviacha bila kumwambia daktari, kwa sababu daktari ni binti wa umri wa mtoto wake wa mwisho, pembeni yake amesimama mwanafunzi mwenye daftari, mlango uko wazi, na nyuma yake kuna foleni inayosikia kila neno. Ukweli wa jambo hili una pande mbili, na zote zinafaa kusemwa. Presha yenyewe na sukari huharibu mishipa ya damu, ikiwa ni pamoja na ile midogo inayohusika na tendo la ndoa, hivyo wengi hupungukiwa nguvu kabla hawajameza kidonge chochote. Wakati huo huo ni kweli kwamba baadhi ya dawa, hasa za kukojoza na zile za zamani za kupunguza mapigo ya moyo kama atenololi na propranololi, zinaweza kuchangia, na kwamba makundi mengine ya dawa za presha hayana tabia hiyo kwa kiwango hicho. Mwanaume akiyajua yote mawili ana sababu ya kurudi kliniki kuomba abadilishiwe. Akiujua upande mmoja tu, ule wa kijiweni, hataonekana tena.

Lakini hofu kubwa kuliko zote ni ya figo. Nimesikia mara nyingi, na barua ile imerudia, kwamba dawa za presha zinaua figo, na ushahidi unaotolewa ni kwamba fulani alimeza dawa hizo kwa muda mrefu na sasa anasafishwa damu. Presha isiyodhibitiwa ni miongoni mwa sababu kuu za figo kufa, sukari nayo vivyo hivyo, kwa hiyo ni lazima miongoni mwa wanaosafishwa damu wawepo wengi waliowahi kuandikiwa dawa za presha. Anayetaka kujua ukweli amuulize mgonjwa huyo alizimeza vipi, kila siku au siku kichwa kilipomuuma. Kundi lile lile la enalaprili linalolaumiwa kwa kikohozi ni moja ya dawa ambazo madaktari hutumia kulinda figo za wenye sukari, ingawa damu inatakiwa kupimwa baada ya kuanza, kwa kuwa kwa watu wachache kazi ya figo inaweza kushuka au madini ya potasiamu yakapanda.

Jambo linalonishangaza ni hili. Mtu huyo huyo asiyethubutu kumeza kidonge kimoja cha presha humeza diklofenaki kila jioni kwa ajili ya magoti, tena bila cheti, akinunua dukani vipande vya karatasi ya vidonge vilivyokatwa kwa mkasi. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hupandisha presha na huumiza figo zikitumiwa mfululizo, na hatari huongezeka zaidi kwa anayemeza pia dawa ya kukojoza na ile ya kundi la enalaprili. Huyo hajui, na aliyemuuzia hakumuuliza kama ana presha. Kuhusu majani, mlonge ni mboga nzuri na kitunguu saumu ninakula, lakini mtishamba kutoandikwa madhara hakumaanishi kwamba hauna. Mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyeyahesabu. Nchini Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 waliharibikiwa figo baada ya kutumia mitishamba ya Kichina ya kupunguza unene, na waliitumia kwa imani ile ile kwamba kitu cha asili hakidhuru.

Nisieleweke kuwa ninazitetea dawa kwa kila hali. Yapo madhara ambayo mgonjwa akiyaona hatakiwi kusubiri siku ya kliniki. Anayetumia enalaprili au ndugu zake akivimba midomo, ulimi au uso, jambo lisilotokea mara nyingi lakini linalowapata watu weusi zaidi kuliko wengine, aache dawa hiyo papo hapo na akimbizwe hospitali, kwa sababu koo linaweza kuziba. Mwanamke aliye kwenye dawa hizo akishika mimba, au akipanga kushika, lazima abadilishiwe mapema, maana zinamdhuru mtoto tumboni. Anayemeza glibenklamidi, dawa ya sukari, na kukosa chakula sukari yake inaweza kushuka hadi akazimia; akianza kutetemeka, kutokwa jasho jembamba na kuchanganyikiwa, anahitaji soda au maji ya sukari mara moja, na Mwislamu anayetaka kufunga Ramadhani azungumze na daktari kabla mwezi haujaandama. Metfomini, dawa nyingine ya sukari ambayo mke wangu anaitumia, ilimsumbua tumbo mwanzoni, gesi na kuharisha, mpaka muuguzi mmoja, Mungu ambariki, alipomwelekeza ameze katikati ya chakula na dozi ipandishwe polepole. Na ziko dawa ambazo kuziacha ghafla ndiko kunakodhuru: aliyezoea atenololi au propranololi akikatiza siku moja, moyo unaweza kuanza kwenda mbio na presha ikaruka juu. Kwa hiyo hata ule ushauri wa kuacha, alioutoa msomaji yule kwa nia njema, una madhara yake, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo yanaweza kuwa ya kifo.

Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi kuelekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, ambaye Tanzania nzima ilimjua kama Babu, kunywa kikombe cha shilingi 500 kilichosemekana kuponya sukari, presha, UKIMWI na magonjwa mengine sugu. Kutoka huku kwetu watu waliuza mbuzi ili wapate nauli, na wapo waliorudi wakatupa vidonge. Tangu wakati ule nimewasikia wasomi wakiizungumza safari ile kama kichekesho cha watu wasioelimika. Kwenye foleni ile walikuwamo viongozi, wafanyabiashara, hata watu waliotua kwa helikopta. Walichokuwa wamekichoka ni kumeza kila siku, bila mwisho, kitu wasichoelezwa kinafanya nini ndani yao. Kikombe kilikuwa kimoja, kilinywewa mara moja, na aliyekitoa alizungumza na kila aliyefika kana kwamba ugonjwa wake ni jambo la maana. Hilo la tatu kliniki zetu zingeweza kulitoa bila kudanganya mtu, na bila gharama yoyote ya kutajika.

Tena kumweleza mgonjwa mapema si jambo la kujifunza ng'ambo, maana tunalijua na tunalifanya tayari, ila kwa magonjwa mengine. Dawa za kifua kikuu zina rifampisini, ambayo hugeuza mkojo, jasho na machozi kuwa na rangi ya chungwa iliyokolea inayokaribia wekundu. Fikiria mtu asiyejua akikojoa hivyo asubuhi ya pili ya matibabu! Hata hivyo sijamsikia mgonjwa wa TB aliyeacha dawa kwa kuona mkojo mwekundu, kwa sababu muuguzi wa kitengo cha TB humwambia kabla hajameza kidonge cha kwanza kwamba mkojo utabadilika rangi, usishtuke, ni dawa. Mgonjwa akiuona, badala ya kuogopa, anathibitisha kwamba muuguzi anajua anachokisema, na lile jingine aliloambiwa, kwamba asikatize kabla ya miezi 6 kuisha, analiamini zaidi.

Kwa upande wa ARV, dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, ushahidi ni mkubwa zaidi. Zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, miongoni mwa zilizotumika sana ilikuwamo stavudini, dawa iliyowakondesha watu mashavu na miguu, ikawachoma nyayo kama wamekanyaga majivu ya moto. Hayo hayalingani na vifundo vya amlodipini. Hata hivyo maelfu waliendelea, kwa sababu kabla ya kuanzishiwa dawa walikalishwa kwenye ushauri nasaha, wakaambiwa maudhi watakayoyapata, wakatakiwa waje na mtu wa karibu atakayewakumbusha, na asiyefika siku yake alitafutwa. Malalamiko yao yaliandikwa, yakajumlishwa na ya wagonjwa wa nchi nyingine, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likazishauri nchi ziiondoe stavudini hatua kwa hatua. Mgonjwa anayeacha dawa kimya hujinyima yeye mwenyewe, na huwanyima wenzake pia, kwa kuwa dhara lisiloripotiwa halibadilishi mwongozo wowote. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, hupokea taarifa za madhara ya dawa hata kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, lakini ukiuliza kwenye benchi letu wanaolijua hilo, utapata vichwa vinavyotikiswa.

Najua jibu ambalo baadhi ya matabibu watanipa, kwa sababu nimeshapewa. Wanasema ukimwambia mgonjwa madhara yote, atayasikia hata yasipokuwepo. Wana hoja, tena yenye ushahidi. Watafiti wa Italia waliochapisha kazi yao mwaka 2003 waliwapa atenololi wanaume 96 wenye ugonjwa wa moyo. Wasioambiwa hata jina la dawa walilalamikia kupungukiwa nguvu za kiume kwa takriban 3 kati ya 100, walioambiwa jina pekee 16 hivi, na walioambiwa jina pamoja na dhara hilo wakafika 31. Dawa ilikuwa moja na dozi ni ile ile. Kilichotofautiana ni maneno. Nchini Uingereza, mwaka 2020, watu 60 waliokuwa wameacha dawa za kushusha mafuta kwenye damu kwa sababu ya madhara walipewa kwa zamu dawa yenyewe, vidonge visivyo na dawa ndani, na miezi mitupu bila kidonge. Sehemu kubwa ya maudhi waliyoyapata wakiwa kwenye dawa, karibu asilimia 90 ya ukali wake, waliyapata pia wakiwa kwenye vidonge vile vitupu.

Sasa, hayo yangekuwa hoja ya kunyamaza iwapo mgonjwa wetu angeishi mahali ambapo asipoambiwa na daktari hataambiwa na mtu. Hakuna mahali pa namna hiyo. Ataambiwa na abiria mwenzake kwenye daladala, na mhubiri anayewataka waumini waweke vidonge chini ya madhabahu, na sauti iliyorekodiwa inayozunguka kwenye simu za ukoo mzima, na mjukuu anayejua Kiingereza aliyeikunjua ile karatasi ya ndani ya boksi na kumsomea babu, kwa sauti ya juu, orodha inayoanza na kichefuchefu na kuishia na kifo, bila kuona kipi humpata mmoja kati ya kumi na kipi mmoja kati ya maelfu mengi. Ataambiwa tu. Linalobaki ni nani atakayetangulia, na kwa maneno gani. Tena wale wa Uingereza, walipoonyeshwa matokeo yao wenyewe, mmoja mmoja, nusu yao walirudi kwenye dawa. Waliambiwa ukweli wote, hata ule unaoaibisha kidogo, na ukweli huo uliwatibu kuliko kufichwa kungalivyofanya.

Ninachoomba basi ni kidogo. Daktari mwenye wagonjwa wengi wanaomngoja hana nusu saa ya kumpa kila mmoja, na simlaumu. Lakini kwenye benchi tunakaa kuanzia alfajiri mpaka adhuhuri, tukitazama ukuta uliobandikwa tangazo la usafi wa mikono. Muuguzi mmoja akisimama mbele yetu kwa muda mfupi kila siku ya kliniki, akazungumzia dawa moja tu, leo amlodipini, wiki ijayo metfomini, kwa Kiswahili cha kawaida na bila aibu, hakuna atakayeondoka bila kujua dawa yake inaweza kumfanya nini. Dirishani, ambako tunapewa vidonge ndani ya bahasha ndogo iliyoandikwa 1x1 au 2x1 na si zaidi, iongezwe karatasi ya Kiswahili yenye maneno machache: dawa hii ni ya nini, huweza kukuletea nini, lipi uvumilie, lipi likurudishe mara moja. Na pale kidonge kilichokuwa cheupe mwezi uliopita kinapokuwa cha manjano mwezi huu kwa kuwa bohari imeleta cha kiwanda kingine, mtoa dawa aseme kwamba ni dawa ile ile. Nimemwona mzee akivigeuza vidonge vipya mkononi nje ya dirisha, akavirudisha kwenye bahasha, akaiweka mfukoni na kuniambia atakunywa vya zamani mpaka viishe, kisha ataona.

Wapo wanaoacha dawa kwa sababu hawana fedha za kununua zinapokosekana hospitalini, na wapo ambao nauli ya kufika kliniki ni ya kuchagua kati yake na unga. Hao wana kilio kingine, kikubwa kuliko hiki, na kinastahili barua yake.

Kwako, Mhariri, nina ombi pia. Barua ya mtu anayewaambia maelfu ya wasomaji waache dawa ikichapishwa peke yake, ina uzito ambao pengine mwandishi wake hakuukusudia. Haki ya kusimulia yaliyompata anayo, nami nisingependa azibwe mdomo, kwa sababu kikohozi chake ni cha kweli na kimewasaidia wengine kujua kwamba hawako peke yao. Lakini chini ya barua ya namna hiyo gazeti linaweza kumwomba mfamasia au daktari aweke mistari michache, kama mnavyofanya kwa barua za mirathi mnapomwomba mwanasheria atoe maelezo. Mkitenga safu ndogo ya kila wiki ambayo mfamasia atajibu maswali ya wasomaji kuhusu dawa wanazozimeza, naamini mtapokea barua nyingi kuliko za siasa.

Kwa msomaji mwenzangu aliyeandika barua ile, namwomba apimwe presha wiki hii, katika kituo chochote kilicho karibu naye, na aende na kile kijitabu chake cha kliniki. Amwambie tabibu jina la dawa iliyomkohoza, aombe iandikwe kwenye jalada lake ili asipewe tena, na aulize atapewa ya kundi gani badala yake. Kitunguu saumu aendelee nacho.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mstaafu, Machame, Wilaya ya Hai, Kilimanjaro
(Jina na anuani nimemwachia Mhariri)